Mtego wa Mafuta si Mali ya Fundi

Hotuba kwa wapishi na wenye hoteli, Kariokor, Nairobi

Mwenyekiti, itifaki imeshazingatiwa na waliotangulia, basi mimi nitasalimu tu. Wenye hoteli, hamjambo? Wapishi, hamjambo? Na nyinyi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, ambao nikiangalia vidole vyenu nitajua ndio mnaoosha masufuria, hamjambo sana? Nyinyi ndio niliowajia. Wadosi waliokaa mbele wataniwia radhi.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kwa miaka 20 na ushei nimezibua mifereji ya majikoni ya mji huu: vibanda vya chipsi Ngara, hoteli za nyama choma hapa hapa Kariokor, na majiko ya kule mjini ambako sahani moja ya samaki inalingana na ujira wangu wa siku. Leo nimekuja kujitilia mchanga kwenye kitumbua changu mwenyewe. Nataka kuwaeleza namna ya kuutunza mtego wa mafuta, lile sanduku linalonasa mafuta ya jikoni kabla hayajaingia mferejini, mpate kuishi bila kuniita.

Nianze na Jumamosi moja. Saa saba mchana, mechi inakaribia, hoteli imejaa. Simu inalia: "Fundi, maji yanarudi." Maneno hayo mawili nikiyasikia siulizi swali la pili. Nilipofika, mfereji wa sakafu ulikuwa unatapika maji ya kijivu yenye macho ya mafuta, na wahudumu walikuwa wamepanga makreti ya soda kama daraja, wanapita juu yake na sinia za pilau huku wakitabasamu kwa wateja. Nikazunguka uchochoroni nyuma, nikafungua manholi. Bomba la inchi 4 linalotoka jikoni lilikuwa limeziba kabisa. Nilichokivuta kwa waya kilitoka na umbo la bomba lenyewe, cha mviringo, kirefu kama mkono wangu, cheupe kama mshumaa. Nikakikata kwa sepetu. Ndani mlikuwa na punje za wali, mbegu za ndimu, vijiti vya meno, kifuniko cha soda na kijiko kimoja cha chai. Mwenye hoteli alikitambua kijiko chake.

Nikamuuliza, mtego wa mafuta uko wapi? Akasema upo, aliuweka siku alipofungua, maana bila huo afisa wa afya asingempitisha. Sawa, uko wapi? Tukautafuta. Ulikuwa chini ya magunia mawili ya viazi. Kifuniko kilikuwa kimeshikana kwa kutu, tukakifungua kwa patasi, na wale mende waliotoka... basi, niyaache, watu wametoka kula. Kilichonishangaza hakikuwa mende. Bati la kati, lile linalogawa sanduku vyumba viwili, halikuwepo. Kijana mmoja wa kuosha vyombo akakumbuka kwamba kuna fundi, si mimi, aliling'oa kwa kuwa lilikuwa "linachelewesha maji". Na bati lenyewe tukaliona. Lilikuwa limekunjwa na kusukumwa chini ya mguu wa friji ili isiyumbe.

Ndugu zangu, kazi ya bati lile ni hiyo hiyo. Kuchelewesha maji.

Hebu nieleze kwa lugha ya jikoni, maana ya bomba mtaniambia nawachosha. Chukua bakuli la supu ya mbuzi, liache mezani usiku kucha. Asubuhi unakuta nini? Juu kuna blanketi jeupe la mafuta. Chini vimetulia vipande vya nyama na mifupa. Katikati kuna supu yenyewe, iko wazi. Hakuna aliyeitenganisha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lita ya mafuta ina gramu 900 hivi. Basi mafuta yakipewa nafasi yatapanda na makombo yatashuka. Mtego wa mafuta ni bakuli hilo la supu, ila lina tundu la kuingizia maji upande mmoja na la kutolea upande wa pili, na bomba la kutolea limepindishwa likashuka chini ya mafuta ili linywe lile tabaka la katikati tu. Bati linayazuia maji yasikimbie moja kwa moja kutoka tundu hadi tundu. Hakuna injini mle, hakuna umeme, hakuna dawa.

Kwa hiyo mtego unataka vitu vitatu kwako: muda, ubaridi na utulivu. Na jikoni ni mahali pa haraka, moto na vurugu. Hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Tazama haraka. Sinki la sentimita 60 kwa 45, kina 30, likijaa robo tatu lina lita 60 na kidogo. Kijana akichomoa kizibo, maji yote yanashuka kwa dakika moja hivi. Mtego wako ni lazima uweze kumeza lita 60 kwa dakika bila kuchafuka ndani. Masinki mawili yakiachiliwa pamoja, lita 120. Sasa nenda kaangalie kile kisanduku ulichouziwa kwa sababu kilikuwa bei nafuu na kilitosha chini ya sinki. Ukinunua mtego, usimuulize muuzaji una lita ngapi tu. Muulize unapitisha lita ngapi kwa dakika. Akikukodolea macho, toka dukani.

Na mji wetu una kituko chake. Siku za mgao wa maji, maji yakikatika tangu Jumatatu hadi Jumatano, vyombo havioshwi sinkini. Vinaoshwa kwenye makarai na beseni, maji yale yale mpaka yanakuwa kama mchuzi, halafu jioni yote yanamwagwa kwa mkupuo mmoja. Nimesimama nikaliona jambo hili kwa macho yangu: mtego ulikuwa mzuri, umetulia, una utando safi juu, kisha karai la lita 40 likaja kama mafuriko, ule utando ukapasuka, ukageuzwa chini juu na kwenda zake. Mafuta ya wiki nzima yalitoka kwa sekunde kumi. Kama ni siku ya karai, mwaga polepole. Kopo kwa kopo. Najua inachosha.

Moto nao. Kuna imani iliyoenea majikoni kwamba ukimwaga sufuria ya maji yanayochemka baada ya kazi, unaosha bomba. Mimi mwenyewe niliamini hivyo, na nitawaambia niliachaje.

Nilikuwa bado kijana kazini. Nikaitwa kwenye hoteli moja ya ghorofa ya chini, mfereji unashuka kwa uvivu. Mtego sikuugusa, maana kuugusa ni kuchafuka. Nikachukua kostiki soda, nikaikoroga, nikamwaga, nikafuatisha madebe matatu ya maji ya moto. Mfereji ukafunguka kwa kishindo, maji yakashuka yanaimba. Nikalipwa, nikasifiwa, nikala na chapati juu yake. Keshoye asubuhi simu ikalia, na aliyepiga hakuwa mwenye hoteli. Alikuwa fundi cherehani wa chini ya jengo, kwenye vile vyumba vya nusu ardhini. Choo chake kilikuwa kimefurika usiku. Vitambaa vya watu, suti mbili za harusi, vyote vimelowa maji ya jikoni la jirani. Nilipofungua manholi iliyoko kati yao nikayakuta mafuta yangu. Yalikuwa yameyeyuka kwa moto, yakasafiri mita kumi na tano, yakapoa, yakaganda upya mahali ambapo hakuna mtu angeyafikia. Na yalikuwa magumu kuliko mwanzo, kwa sababu kostiki na mafuta, mama yeyote aliyewahi kupika sabuni atakuambia, vinazaa sabuni. Nilikuwa nimepika sabuni ndani ya bomba la watu. Suti zile nililipia mimi.

Sabuni ya maji ina tabia hiyo hiyo kwa upole zaidi. Inayavunja mafuta yawe chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji badala ya kupanda juu. Ndiyo kazi tuliyoinunulia, nani ataosha sahani bila sabuni? Lakini anayemimina nusu chupa kwenye sinki moja anaupofusha mtego. Mafuta yanapita mbele yake yamevaa kanzu ya sabuni. Ndiyo maana pia mashine ya kuosha vyombo, kwa wale walio nayo, isielekezwe kwenye mtego mdogo wa chini ya sinki: maji yake ni ya moto na yana sabuni kali.

Sasa ubaridi. Wanairobi tunajua Julai. Mafuta ya kupikia mnayaona wenyewe kwenye jerikeni asubuhi, yameganda meupe chini. Mafuta ya ng'ombe huanza kuganda yakishuka kwenye nyuzi 40 hivi, na ya mbuzi na kondoo hayachelewi. Hapa Kariokor kazi yetu ni mbuzi. Tangu Juni hadi Agosti simu zangu huongezeka, na wateja huniambia, "Fundi, mbona mwezi wa tatu ilikuwa sawa?" Mwezi wa tatu mafuta yalikuwa yanakimbia bado majimaji, yanaenda kuganda mbali, kwa mwingine. Julai yanakugandia wewe nyumbani. Baridi haikuleta mafuta. Imekuonyesha tu yanayopita kila siku. Na kwa mtego unaosafishwa, niwaambie, Julai ni mwezi wa neema, kwa kuwa unashika vizuri kuliko wakati wowote. Lakini unajaa haraka. Kama huwa unasafisha kila Ijumaa, Julai angalia Jumanne pia.

Kuna mtu ananiuliza kimoyomoyo, na yakinipita mimi yakaenda, shida yangu iko wapi? Yanaenda wapi? Maji taka mengi ya Nairobi yanashuka hadi Ruai, kwenye mtambo tunaouita wa Dandora, ambao ni mabwawa makubwa. Kariobangi uko mwingine, mdogo kuliko huo, wa mitambo ya kawaida. Mabwawa ya Ruai yanategemea jua, hewa na vijidudu kula uchafu. Ukiyafunika kwa utando wa mafuta ni kama kumfunika mgonjwa uso. Nadhani si bure kwamba kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka viwango viwili kwa mafuta yanayoingia kwenye mfereji wa umma: miligramu 10 kwa lita panapotumika mtambo wa kawaida, na miligramu 5 tu maji yanapoishia kwenye mabwawa. Miligramu 5 ni kidogo kiasi gani? Chukua lile tangi jeusi la lita 10,000 lililoko juu ya paa. Likijaa maji, kwa kiwango hicho mafuta yaliyoruhusiwa humo ni gramu 50. Vijiko vinne vya kulia hivi. Sufuria moja ya mbuzi wa kukaanga isiyokwanguliwa inakupitisha hapo.

Na hiyo ni pale mafuta yanapobahatika kufika Ruai. Mengi hayafiki. Yakikutana na chokaa ya saruji ndani ya mabomba makubwa, hugeuka sabuni ngumu inayoshikana na ukuta kama jiwe. Mwaka 2017, London, mtaa wa Whitechapel, walikuta pande la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na kipande chake kikawekwa kwenye makumbusho watu wakitazame. Sisi kwetu hatuna subira ya kungoja pande lifike tani 130. Manholi inafurika mapema, maji yanatafuta mteremko, na mteremko wetu sote tunaujua: uko pale, nyuma ya soko. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unabadilika jina ukawa Galana, kisha Sabaki, unamwagika baharini karibu na Malindi. Mbuzi wetu anasafiri mbali sana.

Turudi jikoni.

Neno nililokuja nalo ni hili, na nililipima njiani nikiwa kwenye matatu: mtego hauli mafuta. Watu wengi wanadhani mafuta yakiingia mle yanaisha. Hayaishi. Mtego unayashika tu, kama mlinzi aliyemkamata mwizi akamkalisha chini, anangoja mtu aje amchukue. Asipokuja mtu, mlinzi atachoka. Na mtu huyo si mimi. Mimi naishi Kayole, nitakuja mara moja kwa miezi mitatu nikiitwa, na nikiitwa ni kwamba mambo yameshaharibika. Mtu huyo ni yule anayejua leo kumepikwa nini.

Kazi yake ya kwanza haiko kwenye mtego. Iko kwenye sahani. Sufuria ikitoka motoni, mafuta yaliyobaki yamiminwe kwenye kopo, yapoe. Sahani ikwanguliwe kwa mpira kwenye ndoo ya makombo, ambayo mfugaji wa nguruwe ataifuata mwenyewe jioni na pengine akuachie chochote. Karai la kukaangia lifutwe kwa karatasi kabla halijaona maji. Gazeti la jana linafaa kabisa. Chini ya kila sinki kuwe na kikapu cha wavu, na nawaomba kwa magoti, msiuchomoe wavu ukijaa na kuukung'uta ndani ya tundu lile lile. Nimemwona mtu akifanya hivyo akiniangalia usoni.

Nimefanya majaribio ya kienyeji na hoteli mbili za jirani ninazozihudumia, wateja wanakaribiana, vyakula vile vile. Moja wanakwangua, nyingine hawakwangui. Ya kwanza mtego unafika ukomo baada ya siku kumi, ya pili siku nne. Sitasema ni sayansi. Lakini mtego wa pili mwenye nao alitaka niubadilishe nimwekee mkubwa zaidi, nikamwuzia kitu cha bei ya mandazi kumi, yaani mpira wa kukwangulia.

Ukomo ni upi? Hapa nataka mniangalie mkono. Huu ni mwiko wa ugali, wa kawaida, nimeuchonga alama kwa kisu kila sentimita moja. Unaushusha wima hadi chini kabisa, polepole, unauzungusha kidogo, unaupandisha. Mafuta ya juu yatauchora, tope la chini litauchora. Unajumlisha michoro miwili. Kama kina cha maji kwenye mtego wako ni sentimita 40, na mafuta pamoja na tope vimefika 10, yaani robo, siku hiyo ni ya kusafisha, hata kama uliusafisha juzi. Ukivuka robo, nafasi iliyobaki ni ndogo, maji yanapita kwa kasi kwenye kijia chembamba, na yanabeba mafuta. Mtego uliojaa robo tatu si kwamba unafanya robo ya kazi. Haufanyi lolote, na mara nyingine unatoa zaidi ya unachopokea. Mwiko huo, tafadhali, uwe na kamba nyekundu na usikae karibu na ugali.

Kusafisha kwenyewe ni alfajiri, kabla jiko halijawashwa, mafuta yakiwa baridi na magumu. Ukifanya usiku baada ya kazi unakoroga mchuzi. Fungua kifuniko, acha pumzi itoke kwanza. Engua mafuta kwa upawa mpana kama unavyoengua povu la nyama, tia kwenye ndoo yenye kifuniko. Kisha maji yatekwe, kisha tope la chini litolewe kwa sepetu ndogo, hilo ndilo linalonuka, na ndilo wengi wanaloacha kwa kuwa halionekani. Kwangua bati pande zote mbili na urudishe mahali pake. Futa ule mpira wa kifuniko, kama umepasuka nunua mwingine, maana harufu itakayopita hapo itakufukuzia wateja kuliko bei. Yale uliyoengua changanya na maranda, au majivu ya jiko la kuchomea, tunayo hapa mpaka tunamwaga, yanyonye maji yawe kama udongo. Mpe mzoa taka mwenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na uchukue karatasi yake. Usiyamwage kwenye manholi ya uchochoroni saa kumi alfajiri. Nawajua. Mimi ndiye ninayeifungua manholi hiyo.

Halafu kuna hatua ambayo nusu ya watu waliofika hapa wanaisahau, na wote wanaorudi kwangu wakilalamika kwamba "tulisafisha jana na bado" wanakuwa wameisahau. Jaza mtego maji safi ya baridi mpaka yaanze kutoka upande wa pili. Mtego mtupu hauna supu ya katikati. Mafuta yatakayoingia kwanza yataanguka chini moja kwa moja, yatatoka kwa lile bomba lililoshuka, na harufu ya mfereji wa umma itapanda kwa njia hiyo hiyo. Siku ya mgao, weka akiba ya madebe mawili kwa ajili ya hilo kabla hujaanza kuengua.

Nimesema upawa, nimesema ndoo, kwa sababu naongea juu ya visanduku vya jikoni. Wale wenye chemba kubwa ya kujengwa nje, ile ambayo mtu anaweza kutosha ndani, hapa nibadilishe sauti. Hakuna mtu anayeingia mle. Hata dakika moja, hata kumfuata mwenzake aliyeanguka. Mafuta na makombo yakioza bila hewa hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka mayai viza. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unaacha kuinusa, unadhani imekwisha, na hapo ndipo inakuangusha. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini ikikungoja. Chemba hizo huitiwa lori la kunyonya, la watu wenye leseni na mipira mirefu, nyinyi mkiwa mmesimama juu mkihesabu dakika.

Mafuta yaliyochoka ya kukaangia chipsi ni habari nyingine kabisa, yasikaribie mtego. Hayo yana wanunuzi, wapo wanaoyakusanya kutengeneza dizeli ya magari. Yachuje, yaweke kwenye jerikeni, uza. Lakini mjue mnamwuzia nani. Akija mtu usiku, bila karatasi, anayataka kwa bei nzuri kupita kiasi na jerikeni zake ni safi mno, huyo haendi kwenye injini. Anaenda kwenye kibanda cha jirani, na mtoto wako atayala kesho.

Mama Wairimu, nimeuona mkono wako tangu zamani. Anauliza juu ya zile dawa za chupa, za vijidudu vinavyokula mafuta, kama hazitoshi. Mama, baadhi ya hizo ni sabuni iliyovalishwa jina. Jaribu hivi: tia dawa kwenye chupa ya kioo yenye maji na kijiko cha mafuta, tikisa, iache mpaka kesho. Mafuta yakiwa yamegeuka maziwa na hayapandi tena juu, basi yatafanya hivyo hivyo kwenye mtego na yatatoka kwenda kwa fundi cherehani. Hata zile za vijidudu hasa zinataka muda, na maji ya jikoni kwako hayakai. Hazichukui nafasi ya upawa.

Na kijana pale, anasema ana kibanda cha chipsi na samaki, hana sinki wala mfereji, anaosha kwa karai. Wewe ndiye mwenye kazi rahisi kuliko wote humu ndani. Maji ya kuoshea yaache kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka asubuhi. Mafuta yatakuwa juu, magumu kama sahani. Yaengue, mwaga yaliyobaki polepole mahali panapokubalika. Ndoo yako ndio mtego, na umeupata bure.

Swali la mwisho ni la mdosi pale mbele, nani alipwe kwa kazi hii, mpishi au mwosha vyombo. Mimi naona jina liandikwe ukutani, moja tu, pembeni mwa kifuniko, na daftari lenye uzi litundikwe hapo: tarehe, sentimita ngapi, nani. Na huyo mtu apewe glavu ndefu, aproni ya plastiki, na kitu juu ya mshahara wake, maana unachompunguzia ni malipo yangu. Afisa wa afya akija, au kanjo, unamwonyesha daftari kabla hajauliza. Nimeona mazungumzo mengi yakifupika kwa daftari la shilingi hamsini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, ukumbi huu una jiko nyuma, chakula chetu cha leo kimepikiwa hapo, na mtego wake niliuona nilipokuwa nanawa. Umefunikwa kwa meza ya chai. Vijana wawili wanisaidie kuisogeza, mwenye viatu vya harusi akae mbali. Mwiko huu hapa. Wewe dada wa pale mlangoni, ndiyo wewe, njoo uchovye, na usome kwa sauti.